Baba yangu hapendi gitaa, lakini tamasha la roki la Krismasi lilimtoa machozi. Nini kilimgusa?

#1 MwanaWaKayole

Habari wadau. Kuna jambo linanisumbua tangu Krismasi, naomba mnisaidie kulifikiria.

Baba yangu ana miaka 78. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Mwala, Machakos, na kwa zaidi ya miaka thelathini ameongoza kwaya ya kanisa letu. Nota za sol-fa anazisoma kama mtu anavyosoma gazeti. Gitaa la umeme kwake ni kelele za baa. Nikiwa kidato cha pili alinikuta na kaseti ya roki. Hakunichapa. Aliiweka juu ya kabati akasema nitaichukua siku nitakapokuwa na nyumba yangu. Iko huko mpaka leo.

Sasa usiku wa tarehe 25 niliwawekea kwenye runinga tamasha la Trans-Siberian Orchestra, lile kundi la roki linalopiga nyimbo za Krismasi pamoja na okestra, huku msimulizi akitoa hadithi kati ya wimbo na wimbo. Nilijua mzee atainuka aende zake kulala. Hakuinuka. Umeme ukapotea katikati, nikahamia kwenye simu, nikaitumbukiza ndani ya sufuria ili sauti ipande, tukaizunguka watu wanane. Ulipofika ule wimbo wa kengele, Carol of the Bells, nikachukua tochi ya dada yangu nitafute kikombe changu, na mwanga ukampiga baba. Machozi yalikuwa yanashuka hadi kwenye ndevu, na hakuwa anayafuta. Akaniambia, "Zima hiyo."

Sijawahi kumwona akilia, hata siku ya mazishi ya kaka yake. Sitaki kumuuliza ghafla nikamwaibisha. Je, ni muziki? Ni hadithi? Ni okestra? Waliowahi kuona jambo kama hili, semeni.

#2 JuaKaliBurudani

Jibu rahisi. Hao ni Warusi wa Siberia. Mrusi hata akipiga wimbo wa harusi utalia.

#3 KijanaWaMetali

#2, pole mkubwa, si Warusi hata mmoja. Ni Wamarekani. Kundi lilianzishwa na Paul O'Neill wa New York mwaka 1996, pamoja na Jon Oliva, Robert Kinkel na Al Pitrelli, watu waliotoka katika bendi ya metali, yaani roki nzito, iitwayo Savatage. Jina limetokana na ile reli ndefu ya kuvuka Siberia. O'Neill alifariki mwaka 2017, lakini kundi linaendelea, tena kila mwisho wa mwaka hugawanyika vikosi viwili, kimoja kinazunguka mashariki ya Marekani na kingine magharibi, maana majiji ni mengi na Krismasi ni moja.

Ule wimbo wa kengele unaoutaja ni wa zamani kuliko kundi lenyewe. Savatage waliurekodi mwaka 1995 katika albamu ya vita vya Bosnia. Redio hazikutaka kuupiga chini ya jina la bendi ya metali. Mwaka uliofuata ukatolewa tena kwa jina la okestra, na ukapasua anga.

Kwa hiyo MwanaWaKayole, baba yako alilia kwa wimbo wa metali. Hiyo kaseti sasa ishushwe kabatini.

#4 FundiSautiNai

Nimefanya kazi ya mitambo ya sauti hapa Nairobi miaka kumi na mitano, makanisani, kwenye harusi na matamasha. Mtu halii kwa sababu ya nota, analia kwa sababu mwili umetikiswa. Ngoma ya mguu na besi zinaingia kifuani kabla sikio halijaamua kama linapenda. Ongeza leza, moshi na miali ya moto jukwaani, kisha uzime kila kitu ghafla na umwache mtu mmoja na fidla. Hapo hata jiwe linalia. Hawa jamaa wanajua sana hesabu ya kelele na kimya, ndiyo maana malori yao ni mengi.

#5 MwanaWaKayole

Asante FundiSauti, lakini nilisema tulikuwa kwenye simu, ndani ya sufuria ya ugali. Leza tuliziona za ukubwa wa njiti ya kiberiti.

#6 FundiSautiNai

Hapo umenibana, nimerudi kusoma. Basi nageuza maneno yangu, na nadhani sasa nimekaribia zaidi.

Spika ya simu ni ndogo kuliko shilingi. Haina nguvu ya kutoa sauti nzito. Besi yote, ngoma ya mguu yote na ule mngurumo wa chini wa magitaa vinakufa hapo hapo. Kinachobaki ni sauti za katikati na za juu: fidla, kengele, kwaya, piano. Sufuria nayo inazirudisha sauti hizo zikiwa na mwangwi mdogo, kama kanisa la mabati. Kwa hiyo umeme ulipopotea, mzee alipewa tamasha jingine kabisa. Roki ilichujwa, ikabaki kwaya na nyuzi. Wewe uliona tamasha la roki kwa sababu ulilijua kutoka kwenye runinga. Yeye alisikia kanisa.

#7 KijanaWaMetali

Nakubali nusu. Mngurumo utakufa, ndiyo, lakini gitaa la kuongoza halikai chini. Linakaa palepale kwenye sauti ya katikati inayopenya simu vizuri. Na katika wimbo huo gitaa ndilo linaloshika wimbo wenyewe, fidla ziko nyuma. Gitaa lililopitishwa kwenye mtambo wa kukwaruza hushika nota muda mrefu bila kufifia, tofauti na gitaa kavu ambalo nota huzaliwa na kufa papo hapo. Nota inayoshikwa hivyo unaweza kuitetemesha na kuivuta kama mwimbaji. Mzee wa kwaya akisikia kitu kinachovuta pumzi kama mwimbaji wake mzuri wa sauti ya tena, ataacha kuuliza kimetengenezwa na nini.

Ndoa ya roki na okestra si ya jana. Deep Purple walipanda jukwaa la Royal Albert Hall, London, pamoja na Royal Philharmonic mwaka 1969. Metallica walifanya hivyo na San Francisco Symphony mwaka 1999. Tofauti ya hawa wa Siberia ni hadithi na Krismasi.

#8 BesiYaUmoja

Mimi naimba besi katika kwaya ya parokia yetu Umoja, na kwangu jibu liko kwenye nota. Mzee anasoma sol-fa, sivyo? Basi mwandikie hizi: do ti do la. Nne tu. Zirudie. Mwendo wake ni wa tatu: *do* inachukua pigo moja, *ti do* zinagawana la pili, *la* inachukua la tatu. Do, ti-do, la. Do, ti-do, la. Soprano huanza peke yao, kisha sauti nyingine zinaingia chini yao moja baada ya nyingine, na zile nota nne haziondoki. Mtu aliyefundisha kwaya miaka thelathini akisikia hivyo, mkono wake wa kulia unataka kuinuka wenyewe.

Hebu muulize dada yako: mkono wa mzee ulikuwa wapi wakati huo?

#9 MwanaWaKayole

#8, umenifanya nisimame. Nimempigia dada sasa hivi. Amesema kidole cha mzee kilikuwa kinagonga goti. Yeye alidhani ni mbu.

#10 JuaKaliBurudani

Sawa, nimekubali si Warusi. Lakini wimbo wenyewe ni wa Kiingereza, wa Krismasi, mzee aliusikia kwa wamishenari akiwa mdogo. Utoto ukigongwa hivyo, machozi hayakosi.

#11 MamaChelo

Huo si wa Kiingereza kwa asili, na haukuwa wa Krismasi wala wa kengele. Ni wa Ukraina. Aliyeupanga kwa kwaya ni Mykola Leontovych, kutokana na wimbo wa jadi wa Mwaka Mpya, na uliimbwa hadharani mwaka 1916. Maneno yake ya asili yanamhusu mbayuwayu aliyeruka hadi nyumbani kwa mtu akamwita mwenye nyumba atoke: njoo uone, kondoo wako wamezaa. Ni wimbo wa kutakiana heri ya mifugo na nyumba. Kengele zililetwa na maneno ya Kiingereza aliyoyaandika Peter Wilhousky mwaka 1936. Leontovych mwenyewe aliuawa kwa risasi Januari 1921, akiwa nyumbani kwa wazazi wake.

Ila kundi limeuunganisha na wimbo mwingine wa Krismasi ambao kweli ni wa Kiingereza na ni wa zamani sana. Huo wa pili mzee anaweza kuwa aliuimba chuo cha ualimu. Kwa hiyo JuaKali hukukosea chote.

Mimi najulikana hivi kwa sababu mwanangu anapiga chelo, ile fidla kubwa ya kupigwa umekaa, huko Korogocho na Ghetto Classics, kundi la vijana la muziki wa okestra. Kila Jumapili tunapanda nacho matatu, na konda anataka nauli ya watu wawili. Nalipa. Chelo kinakaa dirishani, mimi nasimama kidogo pale kwenye mlango.

#12 BesiYaUmoja

Mbayuwayu na kondoo! Mama Chelo, asante. Mzee wa Mwala ana mbuzi?

#13 MwanaWaKayole

Ana kumi na mmoja. Mmoja alizaa mapacha wiki ya Krismasi. Lakini mzee hakujua maneno hayo ya Kiukraina, tusiende mbali sana.

#14 KijanaWaMetali

Jambo moja ambalo mtanichukia: msimulizi wa lile tamasha ni mzigo. Mimi nikitazama napeleka mbele. Bendi imeshika moto, watu wamesimama, anatokea bwana wa koti refu na sauti nzito anaanza mashairi ya malaika na nyota. Muziki unajieleza. Uzuri ni kwamba nusu ya pili ya tamasha huwa hawana hadithi, ni muziki tu kutoka albamu zao nyingine, Beethoven anapigwa kwa magitaa, watu wanaburudika. Nusu hiyo ndiyo roki. Nusu ya kwanza ni ibada.

#15 BintiLamu

Kijana, hapo kwenye "ibada" ndipo umegusa ukweli bila kutaka.

Mimi ni Mwislamu wa Lamu, naishi South C. Uzi huu umenivuta kwa sababu kitu mnachokiona kigeni sisi tumekua nacho. Kwenye Maulidi, hadithi ya kuzaliwa kwa Mtume husomwa mlango kwa mlango. Msomaji mmoja anasoma, watu wamenyamaza. Akimaliza mlango, wanaingia wa kasida, matari yanaanza taratibu. Kisha kimya, mlango wa pili. Inapofikiwa sehemu ya kuzaliwa kwenyewe, watu wote wanasimama. Nyanya yangu alikuwa anaijua hadithi hiyo neno kwa neno tangu utotoni, na kila mwaka, palepale pa kusimama, ushungi wake ulikuwa unaloa.

Ukimwondoa msomaji ukaacha kasida tupu, utakuwa na nyimbo nzuri. Lakini hakuna atakayejua pa kusimama.

Ndiyo maana nakuambia, usimpeleke mbele msimulizi halafu ukashangaa kwa nini hulii.

#16 ZuwenaDar

Bibi wa Lamu umenena. Salamu kutoka Dar. Kwetu upande wa Moshi Krismasi inaamshwa na tarumbeta za KKKT, kanisa la Kilutheri, alfajiri, baridi imeshika mlima. Hakuna hadithi wala gitaa, na watu wazima wanalia vilevile wakiwa na mablanketi mabegani. Kwa hiyo hoja ya msimulizi siipingi, ila naitilia shaka kidogo. Mimi naona ni baridi, giza na sauti ya pamoja. Hata Mwala umeme ulipotea, giza likaingia.

#17 FundiSautiNai

Giza! Nilisahau giza. Jukwaani tunalilipia pesa nyingi, nyinyi mlilipata bure.

#18 AskariMstaafu

Huwa nasoma tu. Leo nachangia kwa sababu ya #3, aliyetaja vita vya Bosnia akapita haraka.

Kenya ilipeleka kikosi katika UNPROFOR, jeshi la Umoja wa Mataifa katika iliyokuwa Yugoslavia. Hatukuwa Sarajevo. Tulikuwa Kroatia, sekta ya kusini. Mimi nilikuwa huko Krismasi ya 1993. Wengi wetu theluji tulikuwa tunaiona kwa mara ya kwanza. Ukivua glovu kufunga kamba ya buti, vidole vinakataa.

Usiku wa mkesha tuliimba Kiswahili karibu na jenereta. Hatukuwa na kinanda wala gitaa, mmoja wetu alipiga debe la mafuta. Ng'ambo ya ua alisimama bibi mmoja mzee aliyejifunga kitambaa cheusi. Alisikiliza mpaka mwisho, hakusema neno. Sisi tulidhani anasherehekea nasi. Baadaye mkalimani akatueleza kwamba wao ni Waorthodoksi, Krismasi yao ni tarehe 7 Januari, usiku ule kwake ulikuwa usiku wa kawaida tu. Tarehe 6 Januari jioni alirudi na kikapu cha jozi na mkate. Akaonyesha mdomo wake kwa kidole: imbeni. Tukaimba tena.

Ule wimbo wa kundi hili, mimi niliusikia mara ya kwanza ndani ya duka hapa mjini, Desemba moja. Ilibidi nitoke nje nisimame barabarani. Sijui kama ni jibu la swali lako. Nakueleza kilichonipata.

#19 MwanaWaKayole

Mzee, asante sana. Nimeisoma mara mbili.

#20 KijanaWaMetali

Mzee Askari, shikamoo. Ni kweli nilipita haraka, niirudie vizuri. O'Neill aliuandika wimbo baada ya kusikia habari za mpiga chelo wa Sarajevo: mzee aliyerudi mjini kwake akakuta umevunjwa, na badala ya kujificha akawa anakwenda kwenye uwanja wa mji usiku, theluji ikianguka, anapiga nyimbo za Krismasi huku mabomu yakiruka. Ndiyo maana wimbo unaanza na chelo peke yake. O'Neill alieleza kwamba okestra ni upande mmoja wa vita, bendi ya roki ni upande mwingine, na chelo ni yule mtu mmoja katikati.

Kwa maelezo hayo, roki na okestra hapo hazijachanganywa kwa ajili ya urembo. Zinapigana.

#21 MamaChelo

Hiyo ya kupigana imenigusa, nitamweleza mwanangu. Ila mpiga chelo wa kweli naomba nimsahihishe, kwa sababu ni mtu wa kweli na kisa chake hakihitaji kuongezwa.

Ni Vedran Smailović. Hakuwa mzee, alikuwa na miaka thelathini na kitu. Hakuwa amerudi kutoka mbali, alikuwa mwanamuziki wa okestra hapo hapo Sarajevo. Wala hakuna theluji katika kisa hiki. Ilikuwa mwisho wa Mei 1992, makombora yalipoangukia watu waliopanga foleni ya mkate na kuwaua 22, kwa hesabu inayotajwa sana. Alivaa suti yake ya jukwaani, akatoka na kiti na chelo, akapiga Adagio, ule muziki wa polepole unaoitwa wa Albinoni, siku 22, siku moja kwa kila aliyekufa. Alipiga mchana, watu wakimwona. Aliendelea pia kupiga kwenye magofu na kwenye mazishi.

Theluji, uzee na Krismasi viliongezwa na hadithi. Sisemi ni vibaya. Ila foleni ya mkate mimi naielewa zaidi kuliko theluji.

#22 JuaKaliBurudani

Nimekaa kimya dakika kumi. Mji ulizingirwa muda gani?

#23 MamaChelo

Tangu Aprili 1992 hadi Februari 1996. Siku 1,425.

#24 DadaWaPangani

Nimefika sasa, nimesoma yote. Mmezungumza chelo, nota, spika na giza. Hakuna aliyezungumzia hadithi yenyewe ambayo msimulizi anasimulia, na ndiyo niliyoidhania tangu #1.

Albamu ile ya 1996 ina hadithi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Malaika ametumwa duniani usiku wa mkesha atafute kitu kimoja kizuri walichonacho binadamu, akirudishe mbinguni. Anapita makanisani, anapita Sarajevo. Karibu na mwisho anafika kwenye baa ya mjini. Nje, kwenye theluji, amesimama mtoto wa kike ambaye anataka kurudi kwao na hana nauli. Mhudumu wa baa anamwona kupitia dirishani, anatoa pesa zote kwenye droo, anatoka nje na kumsaidia mtoto apande ndege akafike nyumbani kabla Krismasi haijaisha. Wimbo huo ni gitaa kavu na sauti ya mtu mmoja basi.

Sasa MwanaWaKayole, nina swali na usikasirike. Kabla ya mwaka huu, ulikuwa umekosa Krismasi ngapi nyumbani?

#25 MwanaWaKayole

Tatu. Ya kwanza kazi ilikuwa imekatika. Mbili zilizofuata nauli ya Machakos ilikuwa imepanda maradufu na nina watoto wawili. Nilikuwa natuma pesa kidogo kwa simu na kupiga jioni.

#26 DadaWaPangani

Basi mimi sina la kuongeza.

#27 BesiYaUmoja

Dada, umetupiga kumbo sote. Lakini swali: mzee wa Mwala alimwelewaje msimulizi? Yule bwana anasema Kiingereza cha mashairi, haraka, na sauti ilikuwa ndani ya sufuria.

#28 MwanaWaKayole

Mzee Kiingereza anakijua, alikifundisha. Lakini mama na shangazi hawakijui vizuri, kwa hiyo nilikuwa natafsiri kwa Kikamba, sentensi kwa sentensi. Nilikuwa nasimamisha simu, nasema, kisha naiachilia.

#29 BintiLamu

Msomaji ulikuwa wewe, kumbe! Na hukutueleza tangu mwanzo.

#30 KijanaWaMetali

Nasimama kusema: msimulizi huyo nisingempeleka mbele.

Ila kuna tatizo la mpangilio. Mwenzetu alisema mzee alilia wakati wa kengele. Kengele huja kabla ya baa, nyimbo kadhaa kabla. Kama machozi yalikuwa tayari yameanza, basi mtoto wa baa na nauli hawakuwa wametajwa bado. Hoja ya Dada ni tamu lakini saa haikubali.

#31 MwanaWaKayole

Hapo sasa ndipo pananichanganya. Nimempigia dada tena. Yeye anashikilia kwamba nilimulika tochi wakati wa baa, kwa sababu anakumbuka mama alikuwa anauliza "huyo mtoto ni wa nani?" Mimi nakumbuka kengele, nina hakika. Shangazi anasema mzee alianza mapema zaidi, tangu umeme ulipopotea, na kwamba alikuwa ameshika ukingo wa meza.

#32 FundiSautiNai

Mashahidi watatu, machozi mamoja. Ukumbini pia huwa hivyo. Nimewahi kuwauliza watu baada ya tamasha moja mahali walipoguswa, kila mmoja akataja wimbo wake, na wote walikuwa wamekaa safu moja.

#33 JuaKaliBurudani

Mimi nauliza jambo jingine. Hivi sisi Nairobi tunashindwa nini? Wapigaji roki tunao, wanajaza kumbi za Westlands mavazi meusi. Kwaya tunazo kila mtaa. Watambaji wa ngano tunao. Kwa nini Desemba tusiwe na letu, hadithi yetu, si ya theluji?

#34 MamaChelo

Nyuzi tunazo pia. Watu wanaogopa neno "okestra" wakidhani ni watu themanini. Hawa Wamarekani wenyewe wamekuwa wakichukua wapiga nyuzi wa mji wanaofika. Wachache tu, wanapewa nota, wanafanya mazoezi kidogo, wanapanda. Vijana wa Korogocho wangeweza kazi hiyo kesho.

#35 FundiSautiNai

Tatizo ni tarehe. Kuanzia 20 Desemba Nairobi inabaki na askari wa zamu na paka. Ukiweka tamasha 24 utaimba na viti. Lazima liwe mapema, tarehe 10 hadi 15, kabla watu hawajakimbilia stendi. Ukumbi, Kenya National Theatre ni mzuri kwa hadithi, maneno yanasikika hadi nyuma, lakini ngoma za roki utazifunga mikono mle. Nje kuna mvua za vuli ambazo mwaka mwingine hazijui kuondoka. Mimi mitambo nitakuja nayo, ila hadithi ianze kuandikwa sasa.

#36 ZuwenaDar

Na muweke mtoto wa stendi, si wa uwanja wa ndege. Machakos Country Bus, usiku, nauli imepanda. Konda afanye kama yule mhudumu wa baa.

#37 MamaChelo

Konda! Huyo malaika atatafuta sana. Lakini mwekeni, nitamtazama kwa macho mawili.

#38 MwanaWaKayole

Wadau, nimerudi. Nilikwenda Mwala jana, wikendi hii. Nilipanga nisimuulize. Tulikuwa zizini, anawamwagia mbuzi maji, akaanza yeye mwenyewe. Hakutaja machozi. Hakutaja gitaa, kwaya wala mtoto. Aliuliza hivi: "Yule mpiga chelo wa kule vitani, alifika salama?"

Nilikuwa nimesoma uzi huu wote na sikuwa na jibu. Nilimwambia nitauliza.

#39 AskariMstaafu

Mwambie alitoka. Smailović aliondoka Sarajevo mwaka 1993 na akaenda kuishi Ireland ya Kaskazini. Alinusurika.

#40 MwanaWaKayole

Nimempigia sasa hivi. Alinyamaza kidogo, akasema "vyema." Kisha akauliza kama naweza kumpatia nota za alto za ule wimbo wa mbayuwayu, kwa sol-fa, maana soprano ameshaiandika kutoka kichwani.

#41 BesiYaUmoja

Nitaziandika leo usiku kwa mkono, sauti zote nne. Nakala ya kwanza ni ya mzee. Wengine wanaotaka kuujaribu, Jumapili saa nane mchana, bustani ya Jeevanjee mjini, upande wa kivuli. Njooni na penseli. Mama Chelo, nauli ya chelo tutachangia.